Kwa nini transfoma kubwa bado zimejaa mafuta yanayowaka?

Swali: "Mhandisi, salamu. Mimi ni fundi wa umeme wa majengo. Transfoma tunazofunga kwenye vyumba vya chini vya maghorofa ni kavu, zile za rezini, hazina hata tone la mafuta. Lakini nikipita kwenye vituo vya kupozea umeme naona matangi makubwa yaliyojaa mafuta: kV 132, 220, hadi 400. Mwaka 2025 tumesikia uwanja wa ndege wa Heathrow ulifungwa kwa sababu transfoma moja iliungua. Kama isiyowaka inawezekana kwetu, kwa nini ishindikane kwao? Na hizo zilizopo, haziwezi kumwagwa mafuta zikatiwa kitu kingine?"

Jibu:

Fundi, swali hili hata wahandisi wenzangu huliuliza kwa sauti ya chini, kama kwamba jibu lake ni aibu. Si aibu. Mafuta yale hayakubaki pale kwa uzembe. Yamebaki kwa sababu kila tulipoyatoa tukatia kitu kisichowaka, kitu hicho kilikuja na hatari yake mkononi, na safari moja hatari hiyo ilikuwa mbaya kuliko moto wenyewe.

Nianze na tukio ulilolitaja, maana limechunguzwa vizuri. Usiku wa tarehe 20 Machi 2025, transfoma ya kV 275 kwa 66 katika kituo cha North Hyde, magharibi mwa London, ilipata hitilafu ikawaka. Ndani yake mlikuwa na takriban lita 25,000 za mafuta. Heathrow ilifungwa karibu siku nzima, na safari za ndege zaidi ya 1,300 zikavurugika. Ripoti ya NESO, shirika linaloendesha mfumo wa umeme wa Uingereza, ilisema chanzo kilikuwa bushingi moja (kihami chenye umbo la bomba kinachopitisha waya kuingia ndani ya tangi) ya upande wa msongo mkubwa, yaani volteji kubwa, kupasuka, na kwamba kilichoiharibu, kwa uwezekano mkubwa, ni unyevu ulioingia ndani yake. Dalili ya unyevu huo ilikuwa imeonekana kwenye sampuli za mafuta tangu Julai 2018.

Ishike hiyo bushingi, nitairudia. Moto haukuanzia kwenye mafuta ya tangi. Mafuta yalikuwa kuni zilizokuwa zikisubiri njiti.

Sasa, mafuta yanafanya kazi gani mle ndani? Kwanza yanahami. Kama hujawahi kuona mafuta ya transfoma yakipimwa, omba siku moja ushuhudie. Unamimina mafuta kwenye kikombe cha kioo chenye vichwa viwili vya chuma vya umbo la uyoga, vimetazamana, pengo kati yao milimita 2.5. Unaacha mapovu yaishe. Unabonyeza kitufe, na msongo unapanda kilovolti 2 kila sekunde: 20, 30, 40. Mafuta yenye maji au vumbi husalimu amri kwenye 25 au 30. Mafuta mapya yaliyochujwa na kukaushwa kwenye ombwe huvuka 70. Ndipo unasikia "ta!", unaona nukta ya mwanga mweupe, na baada yake uzi mweusi wa kaboni, mwembamba kuliko unywele, unaelea ukijipinda polepole. Mashine inakoroga, inasubiri kidogo, inarudia mpaka mara 6, unachukua wastani.

Mimi hadi leo sichoki kuitazama hiyo mara ya pili. Mafuta yametobolewa na umeme sasa hivi, na bado yanajifunga yenyewe, yanahami tena kama hakukutokea kitu. Rezini ikitobolewa imetoboka. Haina kurudi.

Kazi ya pili ni kupoza, na hapa ndipo ukubwa unapoamua mambo. Chukua transfoma ya MVA 300 (megavolti-ampea, kipimo cha uwezo wake). Ni mashine yenye ufanisi wa ajabu. Tuseme inapoteza asilimia 0.3 tu ya kinachopita ndani yake. Asilimia 0.3 ya MVA 300 ni takriban kW 900. Ni sawa na majiko 450 ya umeme, kila moja la kW 2, yamewashwa kwa pamoja ndani ya chumba kimoja kilichofungwa, mchana na usiku, kwa miaka 40. Joto hilo linazaliwa katikati kabisa ya koili, chini ya matabaka ya karatasi, na lazima litoke. Mafuta yanapenya kwenye vijia vya milimita chache kati ya koili, yanabeba joto mpaka kwenye rejeta nje, yanapoa, yanashuka, yanarudi. Ukiongeza pampu na feni yanakimbia zaidi.

Kazi ya tatu watu huisahau: mafuta yanatoa habari. Kila kasoro ndani ya transfoma huvunja mafuta kidogo na kuacha gesi zake humo. Tukichota chupa moja na kuipeleka maabara, asetilini inatuambia kuna cheche, ethilini inatuambia kuna chuma kimepata joto kupita kiasi, kaboni monoksaidi inatuambia karatasi inaungua. Ni kama kupima damu. Transfoma kavu haina damu ya kupima.

Sasa turudi kwenye transfoma yako ya rezini. Kwa kV 11 au 33 ni mashine nzuri, na kwenye chumba cha chini cha jengo lenye watu nisingekushauri nyingine. Koili imezamishwa kwenye rezini, hewa inapita pembeni, basi. Lakini panda kwenda kV 220 uone. Hewa, hata ikiwa kavu na safi, huvumilia takriban kilovolti 3 kwa milimita, tena pale tu ambapo uso ni laini na pengo ni dogo. Kwa msongo mkubwa mapengo yanageuka mita, na mashine inakuwa kama nyumba. Ukisema utaihami kwa rezini nene badala ya hewa, unakutana na mambo mawili. Rezini haipitishi joto vizuri, kwa hiyo kadiri unavyoinenepesha ndivyo koili inavyopikika ndani. Na ikibaki na kiputo kimoja cha hewa, hata cha ukubwa wa punje ya mchanga, umeme utakuwa unaruka ndani ya kiputo hicho mara mia kwa sekunde, kila mpigo ukila rezini kidogo, mpaka siku njia itakapofunguka. Kumwaga rezini tani kadhaa bila kiputo hata kimoja, kisha ipoe bila kupasuka, ni kazi ambayo haijamkubali mtu kirahisi. Transfoma nyingi za rezini hukomea kV 36. Wachache wamefika kV 72.5, na wengine wakavuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ABB walijaribu njia ya pembeni: koili ilisukwa kwa kebo ya plastiki ya msongo mkubwa, bila mafuta wala rezini. Wazo lilikuwa zuri. Halikuenea.

Kabla ya kwenda mbele, nikuambie kinachotokea dakika ile mbaya, maana bila hicho utaishia kuamini kwamba tatizo ni mafuta peke yake.

Kihami kikishindwa ndani ya tangi, shoti inazaa tao la umeme, mwali wenye joto la maelfu ya nyuzi. Rilei zinahisi, kikata umeme kinafunguka. Kwa kawaida kulizima tao hilo huchukua milisekunde 60 hadi 100. Kufumba na kufumbua. Lakini ndani ya muda huo tao limeshavunja mafuta kuwa gesi, nyingi ikiwa haidrojeni, ikifuatwa na asetilini. Gesi haina pa kwenda, kwa sababu mafuta yaliyoizunguka hayabanwi na yana uzito. Presha inapanda mahali pamoja kabla vali ya usalama haijapata habari. Tangi linavimba, weldingi inafunguka au bushingi inang'oka, mafuta ya moto yanatoka kama ukungu, yanakutana na hewa. Hapo ndipo moto unapozaliwa: kwanza mpira wa moto wa gesi na ukungu, kisha dimbwi linaloendelea kuwaka.

Na dimbwi lina cha kuwaka. Mafuta ya madini hutoa mvuke unaodaka moto kwenye nyuzi 145 hivi, na yakifika kama 165 yanashika na kuendelea yenyewe. Lita 60,000 zina uzito wa takriban tani 53, na kila kilo inabeba megajuli 46. Piga hesabu: ni zaidi ya megajuli milioni 2.4. Tao lenyewe linaweza kuwa na megajuli 10 tu. Umeona? Umeme huleta njiti, mafuta huleta msitu.

CIGRE, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa mifumo mikubwa ya umeme, hukadiria kwamba uwezekano wa transfoma kushika moto ni karibu 1 kati ya 1,000 kwa mwaka. Ni kidogo mpaka uzidishe kwa miaka 40 ya utumishi: inakuwa 1 kati ya 25. Kituo chenye transfoma 4 si mahali pa kujisifu.

Basi tulijaribu nini? Hadithi ya kwanza ndiyo inayoniuma zaidi. Kuanzia miaka ya 1930 wakemia walituletea kimiminika kilichoitwa askareli, mchanganyiko wa PCB (bifenili zenye klorini nyingi) na benzini zenye klorini. Kilikuwa ndoto ya mhandisi: kinahami vizuri, kinapoza vizuri, hakiozi, hakishiki moto. Kwa zaidi ya miaka 40 transfoma za kwenye majengo, migodi na treni zilijazwa hicho. Jambo lile lile lililotufurahisha, kwamba haliharibiki, ndilo lililokuwa balaa: PCB ikitoka nje haiozi, inaingia kwenye samaki, kwenye mafuta ya mwili, kwenye maziwa ya mama. Mwaka 1968 nchini Japani PCB zilivuja kutoka kwenye mabomba ya kupashia joto zikaingia kwenye mafuta ya kula, na watu wengi wakaugua.

Kisha ikaja Binghamton, jimbo la New York. Alfajiri ya tarehe 5 Februari 1981, kwenye chumba cha chini cha jengo la ofisi za serikali la ghorofa 18, paneli ya swichi ilipata hitilafu. Joto lake likapasua bushingi (bushingi tena) ya transfoma iliyokuwa jirani, na mamia ya lita za askareli yakamwagika kwenye joto lile. Hakukuwa na moto mkubwa; ulizimwa mapema tu. Lakini askareli iliyopikwa ilikuwa imegeuka masizi yenye dioksini na furani, sumu kali kuliko PCB zenyewe, na masizi hayo yalipanda kwenye njia za hewa za jengo mpaka ghorofa ya juu, yakatua kwenye meza, kwenye mafaili, ndani ya makabati yaliyofungwa. Usafishaji ulikula zaidi ya dola milioni 50. Jengo lilifunguliwa tena mwaka 1994. Miaka 13, kwa transfoma "isiyowaka". Tuliruka majivu tukakanyaga moto.

Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wa PCB mwaka 1979, na Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukazitaka nchi ziondoe vifaa vyenye PCB kwenye matumizi ifikapo 2025 na kuteketeza mabaki ifikapo 2028. Kama katika kazi zako unakuta transfoma kuukuu isiyo na kibao cha maelezo, usiifungue, usiichote mafuta kwa mikono mitupu, wala usimpe mtu "mafuta mazuri ya kuchomelea". Ipimwe kwanza.

Hadithi ya pili ni ya gesi, na hii nusura ifaulu. Salfa heksafloraidi, SF6, haiwaki kabisa, haina harufu, na huhami mara 2.5 hadi 3 kuliko hewa. Ukiisindika kwa presha ya angahewa 4 hivi inakaribia mafuta. Wajapani, ambao miji yao haina ardhi ya kuchezea, waliifanyia kazi kwa bidii mpaka wakapata transfoma za kV 275 na MVA 300 zisizo na mafuta. Kituo cha Haymarket katikati ya Sydney, kilichojengwa chini ya ardhi, kina transfoma za gesi za kV 330, MVA 400. Hakuna shimo la mafuta, hakuna ukuta wa moto, hakuna bwawa la maji ya kuzimia. Mashine inaweza kukaa chini ya mnara wa maofisi na watu wakanywa chai yao juu.

Bei yake? Gesi haibebi joto kama kimiminika, kwa hiyo unahitaji vipulizio vikubwa, na koili zinapata joto kiasi kwamba karatasi ya kawaida haifai. Inatumika filamu ya plastiki. Tangi ni chombo cha presha. Yote hayo yanavumilika. Kisichovumilika ni kwamba kilo moja ya SF6 ikivuja inapasha dunia joto kama tani zaidi ya 23 za kaboni dioksaidi, na inakaa angani kwa karne nyingi. Transfoma moja kubwa inabeba tani za gesi hiyo. Watu wa swichi wanahamia kwenye hewa kavu, ombwe na michanganyiko mipya ya gesi zenye florini. Lakini hata hizo zina mushkeli, kwa sababu 3M, waliokuwa watengenezaji wakubwa, walitangaza Desemba 2022 kwamba wanaacha kemikali zote za jamii ya PFAS (kemikali zenye florini zisizooza kirahisi, zikiwemo za gesi hizo) ifikapo mwisho wa 2025. Kwa hiyo njia ya gesi haijafungwa, ila sijui mnunuzi mwenye busara anayeanza nayo leo bila kulazimishwa na nafasi.

(Watu huniuliza pia kuhusu transfoma za nyaya zisizo na ukinzani, zinazopozwa kwa naitrojeni iliyo kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni haiwaki, kweli. Ya kwanza kuunganishwa kwenye gridi ilikuwa Geneva mwaka 1997, kVA 630. Ukubwa wa transfoma ya mtaa. Tuiache hapo.)

Kilichobaki mezani, na ndicho ningekinunua kwa fedha yangu, ni esta. Zipo za aina mbili: esta asilia, ambayo ni mafuta ya mbegu kama soya au alizeti yaliyosafishwa sana, na esta ya kutengenezwa kiwandani. Esta asilia huanza kuwaka na kuendelea kwenye nyuzi 350 hivi. Ile ya kiwandani hupita 300. Viwango vya kimataifa vinagawa vimiminika kwa herufi: O kwa kinachowaka kwenye nyuzi 300 au chini yake, K kwa kinachovuka 300, L kwa kisichowaka kabisa. Mafuta ya madini ni O. Esta zote mbili na silikoni ni K. Askareli ilikuwa L. Kwa hiyo niseme wazi: esta si isiyowaka. Ni ngumu kuwaka, na tofauti hiyo si mchezo wa maneno.

Maonyesho ninayopenda kuwafanyia vijana ni ya sufuria mbili. Moja ina mafuta ya madini, nyingine esta, nusu lita kila moja, uwanjani, kizima-moto pembeni. Unaelekeza mwali wa gesi juu ya mafuta ya madini. Baada ya dakika chache uso unapasha, moshi, kisha moto unatambaa sufuria nzima, na ukiondoa mwali wako moto haukujali, unaendelea. Kwenye esta unakaa na mwali ule muda mrefu zaidi. Kinatoka moshi. Pale mwali ulipogusa panaweza kuwaka kidogo, lakini ukiuondoa, panazimika. Hicho ndicho unachonunua: umeme ukikatwa, moto hauna wa kuulea. Ule mpira wa moto wa kwanza wa haidrojeni unaweza kutokea hata kwenye esta. Dimbwi linalowaka kwa saa 10 ndilo linaloondoka.

Na faida hiyo inahesabika kwenye ramani ya kituo. Kanuni za IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, kwa transfoma ya mafuta ya O yenye lita 45,000 na zaidi, zinataka mita 15 kutoka transfoma nyingine, na mita 30 kutoka ukuta unaoweza kuwaka. Kwa K umbali unashuka sana. Mjini, ambako ardhi ndiyo ghali kuliko shaba, hapo ndipo esta inapojilipa, ingawa bei ya lita yake ni mara kadhaa ya mafuta ya madini.

Sasa kwa nini tulichelewa kuipeleka kwenye kV 400? Hapa kuna fizikia nzuri, nivumilie.

Habari njema kwanza. Ndani ya transfoma, kihami ni karatasi na kimiminika vikipishana, na msongo hugawanyika kati yao kinyume na pemitiviti, namba inayoonyesha jinsi kila kimoja kinavyojibu uga wa umeme: chenye namba kubwa hubebeshwa kidogo. Karatasi iliyolowa ina 4.4, mafuta ya madini 2.2, kwa hiyo mafuta, ambayo ndiyo dhaifu, hubebeshwa mara mbili ya mzigo wa karatasi. Esta ina kama 3.2. Mzigo unagawanywa kwa haki zaidi. Tena esta hunywa maji sana: kwenye joto la kawaida la chumba mafuta ya madini hushiba maji kwenye sehemu 55 kwa milioni hivi, esta asilia kama 1,100, ya kiwandani zaidi ya 2,500. Inayanyonya kutoka kwenye karatasi, na karatasi inaishi miaka mingi zaidi.

Habari mbaya ni radi. Radi ikipiga laini, msongo mkubwa unaingia kwa sehemu ya milioni ya sekunde, na kwenye kimiminika huzaliwa michirizi ya umeme inayokimbia kutoka ncha moja kwenda nyingine. Kwenye mafuta ya madini michirizi hiyo huanza polepole, na unahitaji msongo mkubwa zaidi sana ili iingie gia ya kasi. Kwenye esta, gia ya kasi iko karibu. Katika pengo dogo huoni tofauti. Kile kikombe cha milimita 2.5 kitakuambia esta na mafuta ni ndugu. Katika pengo refu lenye ncha kali, esta inakusaliti. Ndiyo maana huwezi kuchukua mchoro wa transfoma ya mafuta ya kV 400 ukabadilisha kimiminika tu. Unalazimika kuyakata mapengo marefu kwa vizuizi vya ubao wa karatasi, kulainisha kila kona, na kupanua vijia, kwa kuwa esta ni nzito: mnato wake kwenye nyuzi 40 ni mara 3 au zaidi ya mafuta.

Hayo yamefanyika. Siemens walitengeneza transfoma ya kV 420 ya esta asilia iliyowekwa Bruchsal-Kändelweg nchini Ujerumani, MVA 300. Kituo cha Highbury, ndani ya London, kina transfoma za kV 400 zenye esta ya kiwandani. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba esta ni ya transfoma ndogo za mitaani, habari zake zimechacha.

Ningechagua ipi? Ya nje, sehemu isiyo na baridi kali: esta asilia, mradi tangi limefungwa kabisa lisivute hewa, kwa sababu mafuta ya mbegu yakikaa na oksijeni huganda kama rangi. Ya ndani, ya chini ya ardhi, au ya mahali panapoganda: ya kiwandani, ambayo hubaki kimiminika hata nyuzi 50 chini ya sifuri.

Lakini usiishie kwenye kimiminika. Ukiniambia nichague kati ya esta na bushingi nzuri, nitasita. Bushingi za kizamani ni karatasi iliyolowa mafuta ndani ya kaure. Unyevu ukiingia, zinalipuka, kaure inaruka kama vipande vya bomu, na tundu linabaki juu ya tangi. Za kisasa ni karatasi iliyokaushwa na kujazwa rezini, ganda lake ni silikoni. Hazina mafuta ya kumwagika wala kaure ya kuruka. Nimewahi kusimama kwenye kituo kimoja siku 2 baada ya bushingi ya zamani kulipuka: vipande vya kaure vilikuwa vimetoboa rejeta za transfoma ya jirani, umbali wa hatua zaidi ya 20, na hiyo ya jirani ndiyo iliyomwaga mafuta mengi zaidi. Vivyo hivyo kifaa cha kubadilisha tepu, kile kinachorekebisha msongo wa transfoma: kichague kinachokatia cheche zake ndani ya chupa za ombwe, si ndani ya mafuta. Na tangi liagizwe lenye uwezo wa kuvimba bila kupasuka, likipasuka lipasukie juu, kwenye kifuniko, ambako mafuta hayatamwagika yote.

Swali lako la mwisho: kuzimwaga za zamani na kujaza esta. Inafanyika, hasa kwa msongo wa kati, na nimeishiriki. Ugumu ni kwamba mafuta hayatoki yote. Yamejificha kwenye karatasi, kwenye mbao, chini ya koili, na yataendelea kuchuruzika kuingia kwenye esta kwa miezi. Yakizidi takriban asilimia 7 ya mchanganyiko, unateremka chini ya nyuzi 300, umepoteza herufi K, na umelipia esta kwa kazi ya mafuta. Kwa hiyo unamwaga, unaacha ichuruzike siku nzima au mbili, unaisuuza kwa esta ya moto, unamwaga tena, unajaza ukiwa kwenye ombwe, kisha unapima kiwango cha kuwaka, si siku hiyo tu bali tena baada ya miezi kadhaa. Gasketi zikaguliwe, na mtengenezaji aulizwe kama vijia vya kupozea vinatosha kwa kimiminika kizito. Mara nyingi utalazimika kupunguza mzigo kidogo. Kwa kV 33 na 66 nitakuambia endelea. Kwa kV 220 ya miaka 30, iliyochorwa kwa ajili ya mafuta, mimi ningeacha mafuta yake, nikabadilisha bushingi, nikajenga ukuta wa moto kati yake na jirani yake, na nikahakikisha anayesoma majibu ya sampuli ana mamlaka ya kuizima.